Jana Kulikuwa na Msiba?

Mzazi wa Kasulu akishakulipa ada ya twisheni ya Kiingereza, anataka aisikie. Anapita barabarani na jembe begani, anapunguza mwendo akifika dirishani, na kama watoto hawapigi kelele anajua fedha yake imeliwa. Jioni moja niliwaacha wanafunzi wasome kimya, kila mtu na kitabu chake. Asubuhi yake baba mmoja akanisimamisha njiani. "Mwakeye, Mwalimu." Tukasalimiana Kiha hasa, yaani mpaka ng'ombe nao wakaulizwa hali. Kisha akauliza kwa upole: "Jana nilipita pale kwako. Kulikuwa na msiba?"

Tangu siku hiyo, usomaji wa kimya tunaufanya kwa sauti.

Simlaumu. Mtoto wa huku, nyumbani anaongea Kiha, shuleni anafundishwa kwa Kiswahili mpaka amalize shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo tu kama mengine. Halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na jiografia zimegeuka Kiingereza. Lazima mzazi awe na haraka. Na wengine haraka yao haichagui lugha: pale Makere, karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996, ambako watoto wa Kikongo husoma kwa Kifaransa, mama mmoja alitaka kujua mbona mimi sifundishi "bonjuu", au hiyo inalipiwa kando.

Kabla ya Kasulu nilikuwa Kibondo, kwenye chumba cha bati lisilo na dari. Anayejua mvua za huko ameshaelewa. Siku ya imla nilianza kusoma habari za mnada wa ng'ombe, na mvua nayo ikaanza. Nikapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Watoto wameinama, kalamu zinakimbia, hakuna hata mmoja anayesema rudia. Nikajiona mwalimu kweli kweli. Kusahihisha, hakuna mnada wala ng'ombe. Daftari zote zina barua ya kirafiki, ile ile: habari za siku nyingi, mimi ni mzima, dhumuni kuu la barua hii ni kukujulisha, nisalimie wote nyumbani. Kwa kuwa hawakusikia kitu, kila mmoja alitoa akiba yake. Mmoja aliweka na anwani juu kulia, na tarehe sahihi. Huyo nilimpa alama.

Watoto wa Kasulu nao wanakariri mpaka unaogopa. Tulipofika kwenye *Hawa the Bus Driver*, kitabu cha Richard Mabala, Mwingereza aliyekuja kufundisha akaishia kuwa Mtanzania, nilimwita kijana mmoja asome mbele ya wenzake. Alitiririka. Dirishani wazazi wawili walisimama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona kitabu kina pengo: karatasi kadhaa zimechanwa. Kijana hakuruka hata neno. Alizisoma karatasi ambazo hazipo, tena kwa vituo, akifika mwisho wa ukurasa analamba kidole na kufunua hewa.

"Zimekwenda wapi?"

"Ziko sokoni kwa mama, Mwalimu. Anafungia maandazi. Amesema si nimeshazishika kichwani?"

Nikaenda mbio, nikijua mafuta hayamsubiri mtu. Nilimkuta mama yake ameketi nyuma ya beseni, karatasi moja ameinyoosha gotini, kidole chini ya neno, midomo inacheza. Mteja amesimama na noti mkononi. "Ngoja kidogo, baba," akaambiwa. Mama akamalizia mstari, akarudi nyuma, akausoma tena, akakunja uso, kisha akacheka peke yake. Ndipo akafunga maandazi ya watu, kwa gazeti.

"Karibu, Mwalimu. Afadhali umekuja. Huyu Hawa na basi lake, anaishia wapi? Mimi ninazo hizi nne tu, zilizobaki anazo mwanangu, na nikimuuliza kimeandikwa nini ananisomea chote kwa Kiingereza."

Nikamwambia jibu liko mbele, asome mwenyewe. Akauliza ada ni kiasi gani. Nikamtajia. Akalitazama beseni, akalitazama tumbo langu, akasema kwa mwezi tutapatana, ila chai nije nayo mwenyewe.