Ahadi ni Deni, Ikiandikwa

Dereva asiye na bima ni yule anayeendesha chombo cha moto barabarani bila walau bima ndogo, ile inayomlipa mtu wa tatu. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamhesabu kuwa mkosaji hata kabla hajagonga kitu. Katika Wilaya ya Rufiji, yenye makao makuu yake Utete, dereva huyo mara nyingi huwa na pikipiki, abiria wawili, dumu la mafuta na haraka. Chombo chake kina namba inayoanza na herufi MC, honi inayosikika hadi ng'ambo ya mto, na breki zinazokubali kazi zikijulishwa mapema. Gari analoligonga limeegeshwa, injini imezimwa, na mwenyewe yumo dukani anangoja chenji.

Bima ndogo hutazama upande mmoja tu. Mwenye gari aliyeikata kwa wakati, akaitunza stika kama cheti cha ndoa, hugundua siku ya ajali kwamba bima yake inamlinda kila mtu mkoani Pwani isipokuwa mlango wa gari lake mwenyewe. Angekuwa na bima kubwa, kampuni ingemtengenezea gari, kisha yenyewe ingeanza safari ya kumfuata dereva. Asiye nayo huifanya safari hiyo kwa miguu yake.

Hatua ya kwanza huanzia hapohapo barabarani, mbele ya umati. Kwa desturi, anayepewa pole kwanza ni aliyegonga, kwa kuwa ndiye aliyeanguka. Watamletea maji ya kunywa, watamfuta vumbi, na mzee mmoja atamgeukia mwenye gari na kumkumbusha kwamba gari ni chuma, roho ndiyo haina fundi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayanyooshi bati. Wakati pole zinaendelea, mwenye gari anapaswa kupiga picha za vyombo vyote viwili kabla havijasogezwa, kuandika namba ya pikipiki, kuiona leseni, kuchukua namba za simu za walioshuhudia, na kuuliza habari ya bima.

Majibu ya swali hilo la mwisho yamegawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni bima iliyopo nyumbani: ipo, imehifadhiwa vizuri, ila ufunguo wa sanduku anao mke, na mke yuko msibani. La pili ni bima iliyokwisha jana, ambayo ukiikagua utakuta jana yenyewe ilikuwa masika ya mwaka juzi. La tatu ni bima anayoijua bosi. Mjadala huo unakatwa na simu ya mkononi, kwa kuwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki stika kwa namba ya chombo. Mfumo unaonyesha tarehe ya bima kuanza na ya kwisha, jambo linaloharibu mpango wa wale wanaokumbuka kukata bima saa mbili baada ya kugonga.

Hatua ya pili ni polisi. Kukiwa na majeruhi, hata mwenye goti lililochubuka, hupewa fomu ya PF3 na kwenda kutibiwa kabla ya hesabu nyingine yoyote. Askari wa usalama barabarani hupima, huchora ramani ya ajali na kuagiza vyombo vikaguliwe. Mwenye gari afuatilie nakala za karatasi hizo, maana miezi mitatu baadaye ndizo zitakazokumbuka kwamba gari lilikuwa limesimama, wakati mashahidi wengine wameanza kuliona likitembea.

Wengi hudhani kwamba dereva akishapigwa faini, jambo limekwisha. Faini huenda serikalini. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 faini ya kosa la barabarani kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na dereva akishailipa hutembea kifua mbele akiamini amemaliza deni lake duniani, huku mlango ukiwa umebonyea vilevile. Kesi ya jinai ikifika mahakamani na dereva akatiwa hatiani, hukumu hiyo humsaidia mdai kama ushahidi, ila haimletei hata kitasa. Kitasa hudaiwa kwa kesi ya madai.

Kabla ya kesi ya madai huja neno "tumalizane". Kulimaliza jambo nje ya mahakama ni njia nzuri na ya haraka, kwa sharti moja: liandikwe. Waswahili husema ahadi ni deni; mahakama inakubaliana nao, ila inaomba kuiona ahadi yenyewe. Hati ya makubaliano inataja majina kamili ya pande zote, namba za vitambulisho, siku na mahali pa ajali, kilichoharibika, kiasi cha fedha, tarehe za malipo, mdhamini, na sahihi za mashahidi. Muhuri wa mtendaji wa kijiji au wa kata huiongezea heshima.

Maneno ya kuepukwa katika hati hiyo ni "nikipata", "kidogo kidogo" na "Mungu akijalia". Si kwamba mtu amekosa imani. Hakimu hana namna ya kujua Mungu alijalia tarehe ngapi. Tahadhari hiyohiyo inahusu misimu. Rufiji ni nchi ya ufuta, korosho na mpunga, na ahadi nyingi hufungwa kwenye mazao: ufuta ukiuzwa, korosho zikishuka, maji yakipungua bondeni. Hati isiyotaja mwaka humwachia mdaiwa uhuru wa kuchagua ufuta wa mwaka wowote katika uhai wake.

Karatasi hiyo ndiyo inayoamua mlango wa mahakama. Tanzania haina mahakama inayoitwa ya madai madogo. Majirani wa Kenya wanayo: sheria yake ni ya mwaka 2016, ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa katika ajali, na imepewa siku 60 kumaliza shauri. Upande wa Tanzania, mahakama iliyo karibu na mwananchi ni Mahakama ya Mwanzo. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, mahakama hiyo husikiliza madeni yatokanayo na mkataba, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 ukomo wake kwa mali isiyo nyumba wala ardhi ni shilingi milioni 30. Mlango wa gari, hata ukihesabiwa na fundi mwenye tamaa, haufiki huko.

Tatizo ni kwamba dai la ajali tupu, lisilo na makubaliano yoyote, ni dai la uzembe. Limesimama juu ya sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza, na mahali pake ni Mahakama ya Wilaya, kwenye hati ya madai, utetezi wa maandishi na, mara nyingi, wakili wa kulipwa. Dereva akishasaini kwamba atalipa kiasi fulani siku fulani na asilipe, dai linageuka kuwa deni la mkataba, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kulipokea. Karatasi iliyoandikwa juu ya boneti la gari inaweza kuokoa ada ya wakili iliyo kubwa kuliko bei ya mlango. Muda nao unahesabiwa tofauti: dai la uzembe lina miaka mitatu tangu ajali, la mkataba miaka sita tangu ahadi ivunjwe.

Linalofuata ni swali la nani ashtakiwe. Pikipiki nyingi za biashara si mali ya anayeziendesha. Wengine hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku. Wengine wako kwenye mkataba, wakilipa kila wiki mpaka chombo kiwe chao. Mwenye chombo anaweza kuunganishwa katika dai la uzembe ikiwa dereva alikuwa kwenye kazi yake, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Kumpata ni kazi nyingine. Kadi ya pikipiki huonyesha jina la mnunuzi wa kwanza, aliyemuuzia wa pili kwa kupeana mikono, ambaye naye alimwachia shemeji. Mnunuzi wa kwanza akipigiwa simu hushangaa kusikia kwamba bado anamiliki pikipiki, na kwa muda mfupi hufurahi.

Shauri likishafunguliwa na ada kulipwa, mdaiwa hupelekewa wito. Akiwa anakaa Utete, Nyamwage au Ikwiriri, barabara ipo, na Daraja la Mkapa limekuwa likivusha watu mto Rufiji tangu mwaka 2003. Akiwa amerudi kwao kwenye visiwa vya delta, upande wa Wilaya ya Kibiti, karatasi husafiri kwa boti kati ya mikoko na kusubiri maji kujaa. Masika huongeza sababu za kuahirisha. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji na Kibiti yalizihamisha kaya nyingi na kufunika mashamba, na katika hali kama hiyo hata mdai mwenye hasira kali huona aibu kuuliza habari za bampa. Kwa faida ya wakazi wa delta, ifahamike kwamba Sura ya 169 inahusu vyombo vya moto vya barabarani. Boti ya injini ikigonga mtumbwi, stika haiulizwi.

Siku ya kusikilizwa, Mahakama ya Mwanzo huendesha shauri kwa Kiswahili, na inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani amsemee mhusika. Ruhusa hiyo imeibua vipaji vingi. Mjomba aliyewahi kuwa katibu wa msikiti husimama na kuanza na salamu, nasaba ya ukoo na historia ya barabara kabla hakimu hajamwomba afike kwenye gari. Mdai makini huja na vitu vinne: hati ya makubaliano, picha, makadirio ya gereji na risiti. Makadirio yasomwe nyumbani kwanza. Mafundi wana huruma, na kwa huruma hiyo huweza kuingiza rangi ya mlango wa pili ambao haukuguswa, pamoja na taa iliyovunjika tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Mdaiwa akiligundua hilo, shauri zima hugeuka kuwa la taa.

Utetezi wa mdaiwa nao una mpangilio. Kwanza gari liliegeshwa vibaya. Pili, liliegeshwa vizuri lakini ni jeusi na kulikuwa na giza. Tatu, palikuwa na mbuzi. Mbuzi hatajwi katika ramani ya polisi, na mashahidi wa kijiweni, ambao siku ya ajali walikuwa ishirini na kila mmoja alikuwa karibu kuliko mwenzake, sasa walikuwa wote wamegeuka upande wa pili wakinunua vocha. Hapo hati yenye sahihi hufanya kazi yake, maana mahakama haina haja ya kumtafuta mbuzi pale deni lilipokwisha kukiriwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Kushinda ndiyo sehemu rahisi. Hukumu haiji na fedha. Inampa mshindi haki ya kuziomba tena kwa njia nyingine, inayoitwa utekelezaji. Mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama. Dalali akifika hukuta pikipiki ni ya tajiri na simu ni ya dada. Sheria nayo imeweka kando mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, zana za kazi za fundi na mkulima, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Kwa vijana wengi wa bodaboda, orodha hiyo ya visivyokamatwa ndiyo orodha kamili ya mali zao.

Wenye hasira huuliza kuhusu kifungo cha madai. Kipo katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, na chini ya sheria hiyo gharama ya kumlisha mfungwa hubebwa na mdai aliyeomba afungwe. Mwenye gari hujikuta akimgharamia chakula mtu aliyemvunjia mlango, tena kwa siku ambazo mtu huyo haingizi hata senti ya kumlipa. Hesabu hiyo ikifanywa kwenye karatasi, hasira hupungua kwa kasi ambayo mawaidha hayajawahi kuifikia.

Njia inayobaki ni malipo ya awamu, na ndiyo inayomaliza madeni mengi ya namna hii. Kiwango kiendane na kipato cha mdaiwa, fedha zitumwe kwa simu ili ujumbe ubaki kama kumbukumbu, na kila awamu ipewe risiti. Malipo yasiyo ya fedha yanakubalika pande zote zikiafikiana, ila yathaminiwe na kuandikwa siku hiyohiyo: kilo za mchele, fungu la kamba kutoka delta, au nauli. Nauli imetajwa kwa sababu yake. Kijiji chenye usafiri mmoja kinaweza kumlazimu mdai kwenda mahakamani akiwa amepakiwa na mdaiwa wake, na bila maandishi, wote wawili watafika kila mmoja akiamini anamdai mwenzake. Awamu ya mwisho ikishalipwa, mdai huijulisha mahakama, malipo yanaingizwa kwenye kumbukumbu, na jalada linafungwa. Fedha huenda kwa fundi, na dereva huenda kukata bima.