Fungua Hiyo Nundu

Hekaya huanza na hapo zamani za kale. Hii ina tarehe, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Palikuwa na boma kubwa la wanyama, na mashariki mwa boma hilo palikuwa na zizi la ngamia. Ngamia walikuwa wafanyabiashara. Wengine wakishalala, kwao taa zinawaka: huyu anapima vitambaa, yule anahesabu chenji, mwingine anauza maziwa. Katikati ya zizi na soko walisimama mbwa wawili wenye kofia. Kazi yao ilikuwa kumzuia chui.

Jioni moja ngamia jike, mama wa ndama watatu, alikuwa akirudi kutoka sokoni.

"Simama hapo, mama. Unatoka wapi saa hizi?"

"Sokoni, afande."

"Na hapo mgongoni umebeba nini?"

"Nundu."

"Fungua."

Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Mbwa hakucheka. Ikabidi aeleze kwamba nundu haifunguliwi, kwamba amezaliwa nayo, mama yake alikuwa nayo, na babu yake aliyefika hapa boma halijazungushiwa ua alikuwa nayo pia. Mbwa akasikiliza yote kwa makini, kisha akaandika daftarini: Anakataa kufungua.

"Hayo utaenda kujieleza mbele. Na leo ni Ijumaa."

Asiyejua Ijumaa ni nini hajawahi kusimamishwa njiani. Katiba ya boma, ile ya 2010, inasema aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24. Lakini hakimu ni kobe, na kobe hafanyi kazi Jumamosi wala Jumapili. Saa zako zikiishia kwenye mapumziko yake, utangoje atoe kichwa. Ndiyo maana saa 24 za Ijumaa jioni huzidi 60.

Mama akawawaza ndama. Mbwa akalegeza sauti. "Sisi si wabaya, mama. Tumesimama hapa tangu asubuhi, hata chai hatujanywa."

Hilo lilikuwa kweli. Birika lilikuwepo, majani na sukari vilikuwemo. Kilichokosekana ni maziwa.

Ndama walilala nusu njaa usiku huo. Kesho yake, mbwa yuleyule, nundu ileile.

"Jana si ulinikagua?"

"Jana ni jana."

Mwezi haukuisha, desturi ikawa imekomaa. Ngamia jike akiikaribia ile kona alianza kujikamua kabla hajaambiwa simama, na daftari likashika vumbi. Madume, kwa kuwa hawana maziwa, walilala ndani. Usidhani mbwa alinenepa kwa biashara hiyo. Mshahara wake ulikuwa mfupa mmoja, na kila jioni alipaswa kupeleka hesabu kwa mbwa mkubwa aliyekaa kivulini, ambaye naye alikuwa na mkubwa wake. Maziwa yalikuwa yanapanda ngazi; aliyesimama juani alibaki na ukoko wa sufuria.

Swali lao jingine lilikuwa, "Kengele unayo?" Hapa lazima nitoke nje ya hekaya, ingawa sitaenda mbali. Karibu na mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuwavalisha wanaume Waafrika wa Kenya kipande: karatasi yenye alama za vidole na habari za mwajiri, imetiwa ndani ya kopo la chuma linaloning'inia shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Sikubuni mimi. Waliovalishwa ndio waliotangulia kuigeuza habari hii kuwa hekaya ya wanyama. Kisha mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, raia wenye vitambulisho kama raia wengine, walipangwa foleni wakachunguzwa upya, na waliopita wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi.

Turudi bomani. Ngamia wakawa na kengele mbili, na walipotembea ziligongana. Mbwa alikuwa akiwasikia tangu mbali.

"Wewe mbona unazo mbili?"

Sasa chui. Chui hakuruka ua, kama wanavyosimulia wasiomjua. Alipita njiani mchana kweupe, mgongo umenyooka kama rula, mkononi kibuyu cha maziwa alichokinunua sokoni.

"Habari ya kazi, wakubwa? Poleni na jua."

Mbwa akamtazama mgongoni. Hakuna nundu. Akapokea kibuyu. Madoadoa aliyaona vizuri sana, na akamwambia shati lake ni zuri.

Usiku huo chui akaua, tena hukohuko kwa ngamia. Hiyo ndiyo tarehe niliyosema: Machi 31, 2014, Islii, Nairobi, milipuko iliyoua watu sita. Siku chache baadaye boma likaamua kwamba aliyeliwa ndiye aeleze. Mbwa wakaingia zizini usiku, mlango kwa mlango, wakazoa takriban 4,000, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuka kuwa zizi la kukagulia. Nundu moja baada ya nyingine. Ndani ya nundu wakakuta nundu. Waliokosa kengele walirudishwa jangwani. Wenye nazo waliambiwa wangoje zithibitishwe kwamba zinalia. Chui hakuwa na nundu, kwa hiyo hakuitwa.

Baada ya hayo, mbwa mkubwa akaitisha baraza. Akasema boma lina mpango wa nyumba kumi kumi, kila jirani amjue jirani, na anayeona jambo aje aseme. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Tanzania wameishi na mabalozi wao wa nyumba kumi miaka mingi. Na hakuna aliyefaa kuliko ngamia, kwa kuwa shingo yake inapita juu ya ua. (Twiga anamzidi, najua. Lakini twiga anakaa mtaa wenye lango na walinzi wake mwenyewe, na tangu azaliwe hajaulizwa kengele.) Mbwa mkubwa akauliza kama kuna swali. Ngamia wakatafuna. Akashukuru kwa ushirikiano.

Haukupita mwezi. Saa nane usiku mama wa ndama watatu akainua shingo, akaona macho mawili upande wa pili wa ua, yakielekea kwenye vibanda vya mbwa. Chui anapenda sana nyama ya mbwa. Hilo halihitaji hekaya, muulize mfugaji.

Zamani angepiga kelele boma zima liamke. Sasa alianza kupiga hesabu. Nikilia, watakuja. Wakija, wataniuliza nimejuaje. Nikisema nimeona, wataniuliza nilikuwa macho saa nane nikifanya nini, na nani mwingine alikuwa macho, na kengele ya pili iko wapi. Na kesho ni Ijumaa.

Akapiga magoti, akawafunika ndama kwa shingo yake, akafumba macho.

Alfajiri mbwa alikuja hadi mlangoni kwake. Hakuwa na kofia, na mkia ulikuwa umeshuka. Alipiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akangoja hadi akaribishwe.

"Mama, mwanangu hayuko. Kamba imekatika, na kuna damu. Wewe shingo yako ni ndefu. Usiku hukuona kitu?"

Mama akamtazama muda mrefu. Akaona jinsi midomo ilivyokuwa ikimtetemeka. Kisha, taratibu, kama alivyozoea pale konani, akapiga magoti mbele yake.

"Afande, nianze na nundu au nianze na maziwa?"