Vidole Viwili na Datsun Moja

Mama mkwe alipobisha hodi Jumamosi ile, saa kumi alasiri, mimi na Fundi tulikuwa tumeshikana vidole. Si kwa mahaba wala kwa kiapo. Tulikuwa tumegandana. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimeng'ang'ania kidole gumba chake, na katikati yao kimebanwa kioo cha pembeni cha Datsun 240Z, kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Na ulikuwa mkono wa kulia, naomba uzingatie. Mkono wa kumwamkia mkwe.

Balaa lenyewe lililetwa na mpwa wangu anayefanya kazi Dubai. Alinipigia kabla ya likizo kuniuliza aniletee nini. Wenzangu huagiza simu na manukato. Mimi nikamtajia sanduku la Hasegawa, Datsun iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, iliyopunguzwa mara 24. Kwenye simu pakawa kimya.

"Mjomba," akasema, "ni zawadi ya mjukuu?"

Sina mjukuu.

Asiyejua mambo haya hudhani ndani ya sanduku kuna gari. Hamna. Mna vipande vya plastiki vimening'inia kwenye fremu kama dagaa walionasa wavuni, na karatasi ya maelekezo ambayo michoro yake inaonyesha mikono isiyotetemeka. Vioo viko mbali, taa ziko mbali, na stika za ubavuni hutaka kulowekwa majini kwanza ndipo ziteleze hadi mahali pake. Yangu ya kwanza iliteleza hadi kwenye kiwiko changu. Ilikaa hapo siku mbili, namba 11, na msikitini watu waliniuliza kama nimejiunga na timu.

Na mimi nilijiona bingwa! Sisi wa zamani tulikuwa mainjinia kabla ya kujua kusoma. Gari la waya, usukani mrefu unaofika kifuani, magurudumu ya kandambili iliyokatika, taa za vifuniko vya soda. Mmoja alikuwa na waya (haikuulizwa umetoka ua wa nani), mwingine kandambili, wa tatu koleo la babake. Kwa hiyo gari lilikuwa na wenyewe watatu na liliendeshwa kwa zamu, ila mwenye koleo zamu yake haikwisha. Likivunjika njiani, lilitengenezwa papo hapo kwa jiwe. Nikadhani Wajapani nao ni hivyo hivyo.

Basi nikapaka rangi nyekundu, nikaipaka nyingi kwa furaha, ikachuruzika paani kama mshumaa. Nikafikiri: rangi ni rangi, na kitu cha kuondoa rangi kipo juu ya kabati la mke wangu, kwenye kichupa cha kusafishia kucha. Nikamimina. Nikamimina tena. Nawaeleza wasiojua: kile kichupa ni asetoni, na asetoni na plastiki ya magari haya ni kama maji na biskuti. Dakika mbili baadaye paa lilikuwa limebonyea katikati kama mkate wa kumimina uliofunuliwa kabla ya wakati. Kichupa kikawa kitupu. Kile kitupu kilinisumbua nyumbani kuliko paa.

Hapo ndipo Fundi alipoingia katika maisha ya Datsun. Ni jirani, ana gereji, na alikuja kuazima ngazi. Akaliona gari mezani, akaisahau ngazi.

"Bwana, rangi ya plastiki huondolewa kwa mafuta ya breki," akaniambia kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mgonjwa baada ya mganga. "Unaloweka, unasugua kwa mswaki, plastiki haidhuriki."

Kweli. Kesho yake alikuja na chupa ya mafuta ya breki na pati, ileile aliyozibia ubavu wa matatu wiki hiyo, akalijaza paa, akapiga msasa akiwa amefumba macho, akisikiliza kwa ncha za vidole. Sijapata kumwona akiwa makini namna hiyo na gari langu la kweli, ambalo mlango wake wa nyuma hadi leo hufunguliwa kwa nje tu.

Wa tatu ni Mwalimu, mstaafu wa jiografia, aliyekuja kwa sababu alisikia tunabishana kuhusu Safari. Alitukuta tukisema Datsun hii ni ya Shekhar Mehta. Akavua miwani. Mehta, akasema, alishinda na 240Z mwaka 1973, na alipata pointi sawasawa na Harry Källström hadi ikabidi watafutiwe njia ya kuwatenganisha. Hii yenu ni ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Nyekundu, boneti nyeusi. Halafu akavaa miwani, akavuta kiti, na tangu hapo hakosi Jumamosi.

Mwalimu ndiye aliyesema gari la Safari lisilo na vumbi ni uongo. Alipokwenda mazikoni Voi alirudi na udongo mwekundu kwenye mfuko wa sukari; alidai kwamba mchanga wetu wa Mombasa ungemtia aibu Herrmann. Tukaunyunyiza. Gari likaonekana limepigwa mawe. Mwalimu akachukua penseli: chembe ya milimita moja, zidisha mara 24, ni jiwe la sentimita mbili na nusu, karibu. "Tumempakia kokoto," akasema. Ikabidi udongo uchekechwe, na chombo chenye matundu madogo kuliko vyote nyumbani ni chujio la chai. Chai ya magharibi siku hiyo ilikuwa na ladha ya Voi. Mke wangu hakusema neno. Aliandika tu kitu kwenye kidaftari.

Supagluu nayo ina visa vyake. Mvuke wake ulikitia kioo cha nyuma ukungu mweupe, sasa gari lina mtoto wa jicho, na Fundi ametoa hukumu kwamba ni vumbi la ndani. Lakini siku ya kioo cha pembeni ilikuwa kubwa zaidi. Kwanza kilichomoka kwenye kibano kikaruka. Wazee watatu tulilala kifudifudi juu ya mkeka na tochi za simu nusu saa nzima, hadi kilipopatikana kwenye upindo wa kanzu ya Mwalimu, aliyekuwa akituelekeza tutafute upande mwingine. Nikatia tone la gundi. Tukazuia pumzi. Feni ikazunguka upande wetu, kioo kikalala, na mimi na Fundi tukakiwahi kwa pamoja.

"Hodi."

Tuliinuka wote wawili, maana haikuwezekana ainuke mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwafanyani?"

Mwalimu, ambaye miaka thelathini ya kufundisha haikumwachia uwezo wa kunyamaza, akamweleza kwamba hakuna hatari, gundi hii huyeyushwa na asetoni, ile ya kusafishia kucha, matone mawili tu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Asetoni ipi?" akauliza. "Ile aliyoogeshewa Datsun?"

Kumbe ilikuwapo nyingine, mpya, imefungiwa kabatini. Ikaletwa pamoja na kidaftari. Masharti yakasomwa mbele ya mama yake: meza ya kulia irudishwe kuwa ya kulia, chujio jipya, kichupa kilipwe, na cha kwanza kilipwe pia, rangi zisikaushwe ndani ya kabati la vyombo. Fundi alikubali yote haraka, ingawa meza haikuwa yake. Mimi nilijaribu kujadili lile la meza, nikaona kizibo kinarudi mahali pake, nikakubali.

Tulipokuwa tumeloweka vidole kwenye bakuli, mama mkwe akatoa miwani mkobani. Akaizunguka Datsun taratibu, mikono nyuma, kama anakagua mbuzi wa kununua. Akainama usawa wa boneti.

"Siyo hivi," akasema. "Sisi tulikuwa twasimama kandokando ya barabara Pasaka, mimi na ndugu zangu, hayo magari yakipita. Yalikuwa machafu zaidi. Na hapa mbele," akagusa grili kwa ukucha, "palikuwa pamejaa panzi."

Tukatazamana. Mwalimu akavuta penseli.

"Panzi wa sentimita tano," akanong'ona, "gawa kwa 24. Milimita mbili."

"Na chujio langu jipya," akasema mke wangu, "halichekechi panzi."