Amana ya Magurudumu Mawili

Tajiri wa Palma, Msumbiji, ambaye pikipiki yake huiita amana na kuikabidhi kwa kijana kwa hesabu ya kila jioni, hula yamini kwamba injini haijapata kufunguliwa tangu ilipovuka mto Ruvuma. Nayo ni kweli tupu, kwani hata oili haijabadilishwa. Kijana, aliyekwisha kuifunga madigadi kwa waya na kuisugua plagi kwa msasa, humhakikishia abiria aendaye Kionga (mji ambao Wareno waliutwaa kwa Wajerumani mwaka 1916 bila kukodi pikipiki ya mtu) kwamba chombo ni madhubuti. Kikizimika mchangani, abiria husukuma, kijana huilaani petroli ya chupa, na tajiri, aketiye barazani akizihesabu metikali zisizofika, huuliza kwa upole wa kadhi ni nani aliyeiharibu mali yake.