Ditekta Mwenye Cheti

(Nyanda za juu za Huambo, Angola, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pembeni mwa uwanja wenye mabomu ya ardhini pametengwa njia ya majaribio. Wapo DITEKTA, mashine mpya ambayo nailoni ya dukani haijatoka kwenye mpini. BUKU, panya buku wa kike aliyesomea Morogoro, masikio yanang'aa mafuta ya kuzuia jua. JIWE, pande la mwamba mwekundu. Na NGUZO ya umeme mkubwa. Binadamu, akiwemo FUNDI na MUUZAJI wa Ditekta mwenye tai, wako kando wanakunywa kahawa.)

BUKU: Shikamoo, Babu Jiwe.

JIWE: Marahaba, mjukuu wangu. Naona mmeletewa mgeni.

DITEKTA: Mgeni mwenye cheti, mzee. Nimefanyiwa majaribio Ulaya. Waliniwekea kigololi cha chuma cha milimita 10 nikakisikia bila kukigusa.

JIWE: Kilifukiwa kwenye udongo gani?

DITEKTA: Kilikuwa hewani.

JIWE: Hewani! Kwani huko mabomu hutegwa hewani?

DITEKTA: Kisha wakaniingiza kwenye sanduku la mchanga mweupe. Nikapata alama zote.

BUKU: Mchanga mweupe haumkatalii mtu. Lakini nimesikia wakubwa wakisema mwongozo wenu, ule CWA 14747 wa mwaka 2003, unataka mashine ikishapimwa hewani ipimwe na kwenye udongo wa mahali itakapofanya kazi. Ukurasa huo uliliwa na panya?

DITEKTA: Aliyenileta alisema huo ni utaratibu mdogo, tutaumaliza hapahapa kabla ya chakula cha mchana.

(Fundi anamwinua Ditekta na kumpitisha juu ya ardhi. Mlio mkali. Hatua moja, mlio. Hatua ya pili, milio mitatu.)

DITEKTA: Jamani, hapa pamejaa mabomu!

JIWE: Hapo hakuna bomu hata moja. Hapo nipo mimi na wanangu.

DITEKTA: Wewe si chuma.

JIWE: Ninacho chuma damuni. Mvua za huku zimeniosha miaka na miaka, zikaondoka na vilaini vyote, kikabaki kile kisichokubali kuondoka. Halafu watu huchoma nyasi kila kiangazi, moto unapita juu yangu, na kutu yangu hugeuka kuwa chembe ndogo ndogo zenye sumaku. Wewe hupeleka mshindo wa sumaku ardhini, unaukata ghafla, kisha unasikiliza nani bado anaitika. Sivyo?

DITEKTA: Ndivyo. Metali huchelewa kunyamaza.

JIWE: Na chembe zangu ndogo huchelewa vilevile. Zile kubwa hazikupi taabu, huitika papo hapo na kunyamaza papo hapo. Hizi ndogo ndizo zinazojifanya chuma. Na hazikutawanyika sawasawa: ukinizoea hapa, hatua mbili mbele mimi ni mwingine.

DITEKTA: Ninacho kitufe cha kujilinganisha na udongo.

JIWE: Kibonyeze basi.

(Fundi anamshusha na kumpandisha Ditekta mara kadhaa hadi mlio unapungua. Anatembea. Kidogo pametulia. Kisha anasimama kabisa, lakini Ditekta anaendelea kunguruma peke yake.)

BUKU: Sasa huyu analilia nini? Hajaguswa na mtu.

NGUZO: Ananililia mimi. Karibu sana, bwana mdogo. Umeme wangu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na una wajukuu wa 100, 150, wanapanda hivyohivyo mpaka huko unakosikilizia wewe. Koili yako ni antena, hata kama hukuandikwa hivyo kwenye kijitabu.

DITEKTA: Nitajuaje kama kelele ni yako au ya Babu Jiwe?

NGUZO: Simama. Ukiwa umetulia na bado unapiga kelele, huyo ni mimi. Kelele ikija pale unapotembea juu ya ardhi tu, muulize mzee. Ukigeuza sahani yako na kelele ikapanda au kushuka, ni mimi tena. Na ukilia kila simu ya yule bwana mwenye tai inapoita mfukoni, basi ni simu.

(Simu ya MUUZAJI inaita. Ditekta anapiga yowe. Muuzaji anapiga makofi: "Mmeona usikivu wake?")

BUKU: Na wewe Nguzo, kwa nini ukapandwa katikati ya mabomu?

NGUZO: Sikupandwa mimi, yaliyopandwa ni mabomu. Vita vilipofikia kukatana umeme, askari wakayafukia kunizunguka ili adui asinikaribie. Vita viliisha mwaka 2002. Mabomu hayakuarifiwa.

DITEKTA: Ukoo wetu haujawahi kudhalilishwa namna hii.

NGUZO: Umedhalilishwa tangu kuzaliwa. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, huyuhuyu wa simu, akaja na babu yako kuitafuta risasi mwilini. Mashine ikalia ovyo, maana chini ya godoro la rais kulikuwa na springi za chuma. Tena daktari mkuu alimruhusu Bell atafute upande wa kulia tu, kwa kuwa yeye alishaamua risasi iko huko. Ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba 19.

DITEKTA: Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa! Ni kitanda na daktari.

BUKU: Usishangilie. Leo kitanda ni Babu Jiwe, na daktari ndiye huyo anayekuja na bisibisi.

(Muuzaji anamnong'oneza fundi. Fundi anapunguza usikivu, anapunguza tena. Kimya kinatanda.)

MUUZAJI: Mnaona? Tatizo limekwisha.

DITEKTA: Tatizo halijaisha, nimezibwa masikio tu!

JIWE: Hawakusikii, mwanangu. Umenyamazishwa.

DITEKTA: Na wewe Buku usinicheke. Jua likipanda kidogo unarudishwa kizimbani. Majani yakiwa marefu hupiti. Bila ndizi hufanyi kazi.

BUKU: Kweli tupu, na karanga pia. Lakini mimi nanusa baruti. Msumari, kizibo cha soda, chuma cha Babu Jiwe, vyote si ndugu zangu. Nilisoma miezi tisa hivi pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na siku ya mtihani aliyenishika kamba hakujua bomu limefukiwa wapi, asije akanivuta. Umesikia habari za Magawa, panya mwenzangu? Alitoka Morogoro akaenda Kambodia, akanusa mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu.

DITEKTA: Na ukishakuna ardhi, nani anaitwa kuhakikisha?

BUKU: Wewe. Ndiyo maana nakasirika. Mimi uzito wangu ni kilo moja na kidogo, bomu halinihisi. Atakayekanyaga ni yule kijana atakayekuja nyuma yako akiamini kimya chako.

(MSIMAMIZI wa uwanja, mama mwenye kinga ya uso, anafika. Anauliza vipande vya majaribio viko wapi. Muuzaji anaonyesha kimoja, kimefukiwa sentimita 5. Ditekta anakipita na kutoa mlio mnene. Muuzaji anatoa kalamu.)

MSIMAMIZI: Subiri, baba. Hicho fundi wako alijua kilipo. Jana jioni nilifukia kingine, karibu plastiki tupu, chenye chuma kidogo kuliko sindano ya kushonea. Kiko sentimita 13, kwa sababu huko ndiko ninakotakiwa kusafisha. Tafuteni.

(Fundi anatembea njia nzima kwenda na kurudi. Ditekta hatoi sauti.)

DITEKTA: Nimepita juu yake, Babu?

JIWE: Mara mbili.

MUUZAJI: Tuongeze usikivu.

(Fundi anaongeza. Ditekta analia kila hatua, kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho.)

MUUZAJI: Si amekigundua?

MSIMAMIZI: Amegundua Angola nzima. Cheti chako kinaeleza mchanga. Mimi sina mchanga. Ulete mashine nyingine tatu za aina tofauti, tuzipime hapahapa chini ya waya, na vipande nitafukia mimi bila fundi wako kuwepo. Zisipoweza, ukanda huu wa nguzo hautapitiwa na ditekta. Tutachimba udongo wote kwa mkono hadi sentimita 13.

MUUZAJI: Kwa mkono? Hiyo itachukua miezi!

MSIMAMIZI: Itachukua. Na simu yako uiache garini.