Barua ya Wazi kwa Muuza Makali

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Silaha za Kichawi,
Ng'ambo.

Mheshimiwa,

 Huku Laare, Meru, hatulali mapema, mti wetu wa miraa hauturuhusu, na ndiyo maana tuna muda wa kukuulia majoka yako hadi alfajiri.

Mchezo wako unafuata kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la mwaka 2003, nami nazisoma kama jirani zangu wanavyosoma bei ya miraa ya kangeta. Upanga hautiwi uchawi mwingine kabla ya kupata nyongeza ya moja, na jumla haivuki kumi. Bei nayo ni jumla hiyo ijizidishe yenyewe, kisha mara 2,000: ya kwanza dhahabu 2,000, ya pili 8,000, ya kumi 200,000. Sikulalamika. Mikopo ya simu imeshanizoesha.

Rungu mmelikataza kutiwa makali, na hapo nawavulia kofia. Lakini upanga wangu je? Dadu lina pande 20, na upanga mrefu huweza kupiga pigo la mauti kwenye 19 na 20. Sifa ya makali inashusha mlango wa pigo hilo hadi 17. Nikatoa dhahabu 6,000, tofauti kati ya bei ya kwanza na ya pili, jasho la usiku kumi na moja, nikainunua. Kumbe shujaa wangu alikwisha kujifunza umahiri unaoshusha mlango hadi 17 vilevile, na kanuni inasema viwili hivyo havijumlishwi! Muuzaji wako aliujua umahiri wangu, umeandikwa juu ya kichwa changu. Akapokea, akanitakia safari njema.

Sasa sikiliza ya kwetu. Niliipeleka panga kwa fundi wa jua kali, nikamwekea shilingi hamsini mezani. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akairudisha na pesa juu yake. "Hii imekula tupa jana, baite. Nenda ukakate migomba." Hana idara, hana mkurugenzi. Ana jiwe, tupa na kiti cha kreti.

Usidhani ni wewe tu. Sisi watu wa miraa tumezoea sifa zisizopatana. Januari 2013 kamati ya Uingereza inayoshauri kuhusu dawa za kulevya iliiambia serikali yake isiipige miraa marufuku. Tarehe 24 Juni 2014 serikali ikaipiga, ikaitia daraja C la dawa hizo. Mwaka 2016 sheria ya Kenya ikaitambua kuwa zao. Kitita kilekile, kimefungwa kwa jani lilelile la mgomba: Laare ni kilimo, Heathrow ni hatia. Hata wewe, pamoja na majoka yako yote, hujathubutu kutunga upanga unaokuwa mtakatifu ukiwa Meru na kulaaniwa ukishuka ndegeni. Ukiutunga, tafadhali uza kwa wanasiasa. Hao hawaulizi kama sifa zinajumlishwa.

Ombi langu ni dogo. Muuzaji wako afundishwe neno moja, "unayo tayari", alitamke kabla ya kunyoosha mkono.

Na mimi nirudishiwe dhahabu zangu 6,000. Nitazipokea usiku wowote, niko macho.

Wako,
Mkesha wa Laare