Namna ya Kuyafikisha Matope Yako Jangwani

Umepata kiwanja mteremkoni Kimara au Kinyerezi, Dar es Salaam, na unataka kujenga. Hongera. Subiri Machi. Waoga hukata udongo Juni, mvua zikija wanakuta nyasi zimeshashika. Wewe ingiza greda wiki ileile mamlaka ya hali ya hewa inapotangaza masika, ukwangue kiwanja chote kwa mpigo, hata upande utakaojengwa mwakani. Udongo uliovuliwa nguo haukawii kutembea.

Mradi wako ukihitaji tathmini ya athari kwa mazingira, cheti kitakuja na masharti: shimo la kutuamishia tope, uzio wa kitambaa cha kuchujia, ukanda wa majani chini ya mteremko. Masharti hayo yatie kwenye fremu, uyatundike ndani ya kontena la ofisi ya saiti. Pale hayalowi.

Unapakana na mto? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pima kiangazi, mto ukiwa umejikunja, tena kwa hatua za mtoto.

Kifusi kimwage kando ya mtaro. Turubai la kukifunika ni gharama, na yale majani yakiachwa yatalizuia tope humohumo kiwanjani, ulizoe mwenyewe kwa koleo. Mtaro hubeba bure. Malori yasioshwe matairi. Lami ya watu itayafuta.

Mvua kubwa ikipiga, usikanyage saiti. Msimamizi anayekagua baada ya kila mvua hukuta shimo limejaa, na likijaa lazima lizolewe.

Tope lenyewe linajua njia. Litashuka kwenye vijito hadi Mto Msimbazi, na likifika Jangwani, ambako bonde ni tambarare na maji hupoteza kasi, litatua. Kina cha mto kitapungua, mvua ifuatayo maji yatapanda Barabara ya Morogoro, mabasi ya mwendokasi yatasimama. Ukiwa umekwama kwenye foleni Magomeni, piga simu redioni uulize kwa nini serikali haizibui mitaro. Italeta mashine kuchimbua tope lako, kwa kodi yako.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na baadhi ya waliokuwa wakiishi mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Wewe hakuna atakayekuhamisha. Kwako ni mlimani.